Fundo Jekundu la Mama Safia

Mkeka niliouza kwa simu ulinirudishia swali.

Nikalijibu kwa uongo wa maneno manne.

Naitwa Moustapha, nina miaka sabini na moja, naishi Kasongo. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, baada ya kutoka shamba. Mtaani wananiita Profesa. Sikatai.

Jirani yangu Mama Safia ni mjane aliyekimbia vita kutoka Kabambare. Anasuka mikeka. Simu hana.

Nikamwambia, "Nitakuuzia kwenye mtandao. Watu wa Kindu watalipa kwa simu, mimi nitakuletea franka zako."

"Itafika mbali?"

"Mbali sana."

"Basi fanya, Papa."

Alimasi, mwenye kibanda cha kutoa pesa za simu, akanishauri: "Profesa, weka na picha ya fundi. Watu wanaogopa wezi wa mtandao."

Safia alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu. Sikumwita.

Nilivaa koti langu, nikakaa juu ya mkeka, nikashika ncha yake kama mtu anayesuka. Alimasi akapiga picha.

Oda zikamiminika! "Hongera muzee, mikono ya dhahabu." Pesa zote nilimfikishia Safia, hata franka moja sikuila. Sifa nilikula peke yangu.

Alimasi akawa ananitania: "Fundi, leo wamekupenda wangapi?"

Nilikuwa nacheka.

Siku moja mteja wa Kindu, jina lake Odile, akaniandikia baada ya kupokea mkeka wake:

"Papa, ile fundo nyekundu ku pembe, nani alikufundisha? Nikiwa mutoto, mama yangu alikuwa anafunga vile vile."

Ningeweza kwenda kumuuliza Safia. Hatua kumi.

Nikaandika: "Ni langu, nililibuni mwenyewe."

Akajibu: "Asante, Papa. Basi."

Miezi sita ikapita. Juzi nilimkuta Safia akimaliza mkeka, anafunga lile fundo kwenye pembe. Nikamuuliza, hivi hivi tu, ni la nini.

"Ni ya Aziza, mutoto yangu. Yeye ndiye alichagua rangi. Alikuwa na miaka sita. Tulipokimbia alikuwa ameshika kikwembe yangu ya kujifunga kiunoni. Kufika ng'ambo ya mto, nikabaki na kikwembe tu."

Akakaza uzi kwa meno.

"Unafikiri nilikubali uuze mbali juu ya pesa? Nilisema siku moja ataiona, atauliza."

Nikakaa chini, nikamwambia yote.

Akaweka mkeka pembeni.

"Papa Moustapha, uso yako iko mukubwa kweli. Ilifunika mutoto yangu."

Nimepiga namba ya Odile mara thelathini. Haipatikani.

Ndiyo maana naandika hapa mtandaoni, nilipokuwa nauzia mikeka. Koti nimelitoa. Picha mnayoona ni mikono ya Safia.

Wewe unayeuza mtandaoni kazi ya mwenzako, weka jina lake. Pesa ukikosea zinarudishwa. Jina la mtu, hujui nani analitafuta upande wa pili.

Odile, nilidanganya. Fundo si langu. Mwenyewe yuko Kasongo, na bado anafunga.

Kama Aziza ni wewe, tuambie kwa nini ulichagua nyekundu. Mama Safia anajua.

Mimi sijamuuliza, ili safari hii jibu lisitoke kwangu.