Cherehani Iliyokamatwa Ikirudi Kazini

Wenzake kiwandani walimwita Mama Pindo. Miaka kumi na tisa alikuwa akipiga pindo sketi za shule, na mdomo wake ulikwenda sawia na mguu wake kwenye pedeli.

Ijumaa moja cherehani yake iligoma. Akamwita msimamizi.

"Chuma chakavu hicho," alisema msimamizi bila kuinua macho. "Kipeleke unakojua."

Mama Pindo alijua: kwa shemeji yake, fundi wa mashine. Saa nane mchana, jua likiwaka, akapita lango kuu na cherehani kichwani. Mlinzi ndiye aliyemtwisha.

Shemeji aliishughulikia siku mbili: akaifungua, akaisafisha, akabadilisha mkanda, ikaanza kuimba. Jumatatu asubuhi Mama Pindo akajitwika tena. Hakufika. Meneja mpya wa kiwanda alikuwa amehesabu mashine, akakuta moja haipo. Msimamizi, akihofia kibarua chake kuota nyasi, akasema hajui lolote. Polisi wawili wakamkuta Mama Pindo barabarani.

Akashtakiwa kumwibia mwajiri. Nyumbani mumewe alikonda kuliko mshtakiwa.

Siku ya kesi, askari alieleza kwa kujiamini: "Tulimkamata akiwa nayo kichwani, mheshimiwa."

"Akielekea wapi?" hakimu akauliza.

Askari akakohoa. "Kiwandani."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akainama kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Zamu ya kujitetea ilipofika, Mama Pindo alisema, "Kuichukua nimeichukua, mheshimiwa. Bila karatasi ya ruhusa, hapo nimekosea. Lakini mwizi gani anamwomba mlinzi amtwishe?"

Mlinzi alipoitwa, alikubali kwa aibu kwamba ni kweli.

Hakimu akaeleza kuwa kuchukua peke yake si wizi. Lazima iwepo nia ya kumnyima mwenye mali mali yake kabisa, na hapa hata kivuli cha nia hiyo hakikuonekana. Akamwachia huru, akamwonya kuhusu karatasi.

Msimamizi alimkwepa wiki nzima, mpaka Mama Pindo alipomfuata kwenye chumba cha chai.

"Kaa, baba. Uliogopa, najua. Mimi pia niliogopa, ila mimi niliogopea kizimbani."

Msimamizi akaomba radhi huku akitazama kikombe. Mama Pindo akamsukumia sukari.

Meneja naye hakuomba radhi kwa maneno. Alimtuma mtu kwa shemeji, kumuuliza kama ana nafasi ya kutengeneza mashine nyingine kumi na moja.