Bakteria Isiyo na Ukuta

Mume wangu ni fundi wa mawe, na hapa Kibugu mafundi wa mawe wana imani yao nyingine mbali na ile ya kanisani, nayo ni maziwa. Ukishinda ukichanganya simiti, jioni unywe maziwa yasukume vumbi kifuani. Baba yake aliyanywa maisha yake yote, na bado alikufa akikohoa.

Kwa hivyo kikohozi kilipomshika yeye, niliogopa sana. Alikuwa anatujengea nyumba ya mawe tutoke kwa ile ya mbao, na hakutaka kupumzika hata kidogo. Nikimwambia twende hospitali, ananijibu, "Mama, mgonjwa ni yule amelala. Mimi si natembea?" Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akanunua amoksilini dukani, akameza zote, kifua kikabaki vile vile. Jioni homa inapanda, na akiinua jiwe lazima asimame kwanza avute pumzi. Mimi nami sina subira. Nilichukua mwiko wake wa kujengea nikaufungia ndani ya sanduku, nikamwambia ataupata tukitoka Embu mjini.

Daktari alikuwa binti wa rika la watoto wetu. Alipima makohozi, akasema si kifua kikuu. Akaangalia picha ya kifua.

"Mzee, hii ni nimonia, ile mtu anatembea nayo. Nadhani inaletwa na bakteria isiyo na ukuta. Amoksilini kazi yake ni kuharibu ukuta wa bakteria. Sasa hii haina, itaharibu nini?"

Mume wangu akasahau ugonjwa. "Haina ukuta? Na inasimama aje?"

"Ina ngozi laini tu, mzee. Inajikunja inavyotaka."

Akatikisa kichwa pole pole, kama anapokagua kazi ya fundi mwingine. Nilicheka mpaka nikaona haya.

Akapewa dawa nyingine, na akaambiwa aimeze kwa maji, si kwa maziwa, maana maziwa yanaizuia kuingia mwilini vizuri. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Kesho yake nikamkuta nyuma ya lundo la mawe, kidonge mdomoni, kikombe cha maziwa mkononi. Maziwa yakaenda kwa paka. Tangu hapo nilimtilia maji mwenyewe, nikasimama mbele yake, na akishameza afungue mdomo nione. Alinuna kama mtoto, lakini alifungua.

Homa ikashuka. Kikohozi kilivuta miguu, kisha nacho kikaenda. Asubuhi moja nikampelekea uji, nikamkuta ameketi tu juu ya jiwe, anaangalia majani chai ng'ambo ya bonde. Nikashtuka, nikadhani amezidiwa tena. Nikamuuliza mbona hajengi.

"Nilikuwa naharakisha," akasema. "Nilijua nitaenda kama baba, na sikutaka nikuache kwa nyumba ya mbao. Sasa naona hakuna haraka."

Nililia pale pale, uji mkononi. Nyumba yenyewe haijaisha mpaka leo, na mimi simuulizi.