Kikohozi cha Bwana Mapovu

Maabarani walimwita Bwana Mapovu, na jina lilimkaa kama shati lililokatwa na fundi. Kazi yake ilikuwa kuyapaka mabamba ya chuma oksidi za madini, yaani kutu ya kisomi, kisha kuyatumbukiza majini na kuyaunganisha na umeme, maji yagawanyike yatoe gesi. Bamba lililochemka kwa fujo alilipenda kufa. Lililotoa povu polepole, hata kama lingefanya hivyo mwaka mzima, alilitupa.

"Hili limezeeka," alisema. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mkewe alikuwa mfagiaji na mpika chai wa maabara hiyo hiyo. Shule hakuiona, lakini neno "limezeeka" alilielewa. Nyumbani neno hilo aliambiwa yeye. Chini ya kitanda mumewe alikwisha kumwekea begi jipya.

"Wakinipa ukuu wa maabara, mama watoto, utarudi kwenu. Mwenzio atahamia hapa."

Huyo "mwenzio" alikuwa karani wa mapokezi, mwenye kicheko kinachosikika hadi chooni.

Sasa, mabamba mapya ya Mapovu yalikuwa na ugonjwa mmoja: yalichemka sana, kisha mpako ukayeyuka. Ndiyo maana wageni wakija, bamba likianza kuchoka, yeye hukohoa. Mkewe huingia na chai, wageni hugeukia vikombe, umeme huzimwa. "Mmejionea wenyewe!" Makofi.

Siku walipokuja wakubwa wa kumchagua mkuu, bamba jipya lilitokota kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mapovu akatabasamu hadi magego. Kisha akakohoa.

Mkewe alikuwa nyuma ya mlango, sinia mkononi. Akalifikiria lile begi. Akaweka sinia chini, akaketi.

Mapovu akakohoa tena. Akakohoa kama mbuzi aliyemeza gunia.

"Pole, bwana," akasema mgeni mmoja, mama mwenye miwani. "Kunywa maji. Ila siyo hayo, naona yamegeuka kahawia."

Povu likapungua, likawa moja moja, likakata. Mapovu akakimbilia mlangoni.

"Mama watoto, lile bamba la zamani liko wapi?"

"Lipi, baba? Lililozeeka?"

"Nakuomba!"

"Mimi nilidhani limesharudi kwao."

Lakini watoto walikula kwa mshahara wa baba yao, na mtu hachomi ghala kwa hasira ya panya. Mkewe akalichomoa lile bamba chini ya mlango, alikolitumia kama kabari, akampa. Likatoa povu lake jembamba, bila haraka, mpaka wageni wakapiga miayo na kuomba chai wenyewe. Kazi hakufukuzwa. Ukuu walimpa mwingine.

Jioni karani hakupokea simu. Mapovu akarudi nyumbani mpole kama maji ya mtungini, akalikuta begi jipya mlangoni, limejaa pomoni.

"Mke wangu, unakwenda wapi? Yale si yalikuwa mazungumzo tu?"

"Mimi? Fungua."

Ndani yalikuwamo mashati yake, yote yamepigwa pasi.