Mguu wa Tata

Harufu ya mazuti, dizeli ya malori, ikinipitia puani, hata leo, mimi hugeuka kumtafuta baba, tata kwa lugha ya kwetu. Alikuwa dereva wa lori la shaba, kutoka kwetu Kolwezi hadi mpakani Kasumbalesa, na harufu hiyo ilikuwa imeingia mpaka kwenye kanzu yake ya Ijumaa. Mama alifua, akafua, mwishowe akaizoea.

Foleni ya mpakani haikuwa na huruma. Baba alikaa ndani ya kabini siku nyingi, miguu ameikunja. "Mi nikishuka tu, bamwizi banabeba mazuti," alituambia huku akicheka.

Safari ya mwisho alirudi na mguu wa kushoto umevimba, una joto. Kwetu, mtu wa barabara alipendwa kwa namna moja tu: asiinuke. Mama hakumwachia hata kujichotea maji ya kutawadha. "Ikala, Tata Zaina. Ulichoka," alimwambia, akimrudisha kitini akae. Na mimi, Zaina mwenyewe, nilimpelekea kila kitu kitini, nikijiona mtu mkubwa kweli. Jioni mama alichemsha maji ya chumvi, akachovya kitambaa, akaukanda mguu ule kwa nguvu zake zote, akimwimbia polepole.

Asubuhi moja baba alishika kifua. "Zaina, hewa inakatala kuingia." Akakohoa, leso ikajaa damu. Majirani walisema ni mavumbi ya mgodi wa Mutoshi, alikopakia shaba miaka yote, na nani angebisha? Tulikuwa bado tunatafuta gari la kumpeleka hospitali alipokata roho. Nililia mpaka sauti ikanikauka.

Ukubwani, nikisomea uuguzi, mwalimu alitueleza. Mtu akikaa mno bila kutembea, damu yaweza kuganda mguuni, mguu ukavimba na kupata joto. Donge liking'oka, hupanda hadi mapafuni na kuziba mshipa, na sehemu ya pafu hufa kwa kukosa damu, mtu akakohoa damu. "Mguu wa namna hiyo," akasema, "msiukande kamwe." Niliweka kalamu chini. Siku ile sikusikia kitu kingine, niwaambie ukweli.

Mama amezeeka sasa. Juzi tulikuwa tunachambua majani ya sombe, yaani kisamvu, akaniuliza ghafla, "Wee ulisoma. Ile maji ya moto, ilimusaidia tata yako hata kidogo?"

Niliyainamia majani.

"Ilimusaidia, mama," nikamwambia. "Ilimusaidia sana."