Mama Aliyekuja Kuuliza

Wiki jana nilipanga foleni kumwona mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku Eastlands. Mlango ulikuwa wazi, kwa hivyo tuliokuwa nje tulisikia yote.

Mbele yangu aliingia mama mmoja wa kiwandani, aproni bado kiunoni, amemshika mkono binti yake aliyechapwa darasani jana yake. Mwalimu wa darasa akaitwa.

"Nikimwita haitiki," mwalimu alisema. "Ana kiburi."

"Sikuja kugombana, mwalimu," mama akajibu polepole. "Nauliza tu, ukimwita huwa umesimama upande gani? Sikio lake la kushoto halisikii."

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Mbona hamkutuambia mapema?"

"Baba yake alikuja mara mbili. Aliambiwa arudi kesho."

Mwalimu wa darasa akazunguka upande wa kulia wa mtoto, akainama, akamwita kwa jina.

"Naam, mwalimu," mtoto akaitikia.

Mwalimu mkuu akaagiza ahamishiwe dawati la mbele siku hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga tangu nyumbani. Zamu yangu ilipofika, nikajikuta nasema, "Samahani, mwalimu, nina swali."