Dada Anakwenda Kuliona Bonde

Shemeji yangu hawezi kunyamaza. Hilo naliweka mbele kabisa, maana watu wakimwona mara ya kwanza, mrefu, mwembamba, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, hudhani ni mtu wa maneno machache. Mpe farasi na msururu wa wageni nyuma yake, halafu uje uniambie. Kazi yake ni kuwaongoza watu wa mjini wanaotumia likizo kupanda farasi porini, wiki nzima, kutoka bandani hadi upande wa pili wa milima, wakilala kwenye mahema. Ameifanya kazi hiyo tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi. Anajua kila kijito kinavukika wapi, kila kijito kina hadithi yake, na kila hadithi ameitia chumvi kidogo kila mwaka hadi imekolea.

Mimi ndiye mpishi wa safari hizo. Naendesha gari la mizigo kwa njia ya kuzunguka, nikifika kambini nabandika maji ya chai, na msafara unapokaribia huwa naisikia sauti ya shemeji kabla sijaiona kofia yake. Mkewe ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo nina haki ya kumtania, na nitamtania mpaka mmoja wetu azikwe.

Ila kazi anaijua, siwezi kumnyima. Asubuhi ya kuondoka hampi mgeni farasi mpaka wote wanywe chai kwanza, pale uani kwenye benchi. Wao huuona ni ukarimu. Shemeji anasimama pembeni akijifanya anakaza mkanda wa tandiko, kumbe anatazama mikono yao. Anayekibana kikombe utadhani kuna mtu anataka kumpokonya, hupewa farasi mzito wa mdomo, asiyejali hatamu ikivutwavutwa. Anayekiweka kikombe chini akasahau amekiweka wapi, hupewa yule mwekundu anayeijua njia mwenyewe. Na muoga apewe farasi yeyote, hamfungi kamba. Waongozaji wengine humfunga farasi wa muoga kwenye tandiko la farasi wao, wakamkokota wiki nzima. Shemeji hataki kabisa kulisikia hilo. Anasema mtu wa kukokotwa haoni pori, anaona mkia wa farasi wa mbele, na mikia hata bandani ipo.

Dada ni fundi cherehani. Kazi yake anaifanyia nyumbani, chumba cha mbele, cherehani imeegemezwa dirishani ili apate mwanga. Kila shemeji akirudi humsimulia safari nzima, na dada humsikiliza huku pini ziko mdomoni, akiitikia kwa pua. Katika masimulizi yote, alilolipenda zaidi ni lile la bonde. Mnapanda asubuhi nzima kwenye mawe, hamwoni kitu ila mawe, halafu mkifika juu kabisa nchi inafunguka, bonde lote liko chini yenu na mto umepita katikati. Dada alikuwa akisema, "Ipo siku utanipeleka." Shemeji alikuwa akijibu, "Mwakani." Mwakani hiyo kulikuwa na sare za shule za kushona, mwakani nyingine mtoto akaugua, nyingine nafasi zote zikachukuliwa na wageni. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Halafu yakaja macho. Daktari aliuita ugonjwa presha ya macho. Hauumi. Unaanza kula pembeni, mtu hajui kama anapoteza kitu, mpaka dada akawa anaangusha vitu vilivyo ubavuni mwake: kopo la vifungo, chupa ya mafuta ya cherehani. Siku moja mteja alisimama kando yake muda mrefu akisalimia, dada akidhani sauti inatoka redioni. Kilichobaki kilikuwa kitundu cha katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alimpa dawa ya matone, akanyoosha maneno: kilichokwenda hakirudi, na hicho kilichobaki kitafunga, pengine ndani ya mwaka.

Mimi nilikuwa kwake siku hiyo, namenya viazi. Dada aliingia, akaifunika cherehani yake, akakaa. "Nataka kuliona lile bonde," alisema. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na kiazi mkononi.

Shemeji alikataa. Sikuwahi kumwona anamkatalia dada kitu, na sikuamini masikio yangu. "Hajawahi kukaa juu ya punda, sembuse farasi," aliniambia pale bandani, akipiga brashi mgongo wa farasi uliokwisha kung'aa zamani. "Haoni pembeni. Tawi likimjia hataliona. Akianguka nitamwambia nini?"

"Shemeji, umempandisha farasi mtu aliyekuja na fimbo mbili. Leo mke wako ndiye wa kioo?"

"Yule hakuwa mke wangu."

"Basi mwambie mwenyewe kwamba humpeleki. Mimi hiyo habari siibebi."

Hakuenda kumwambia. Wiki ile ile mgeni mmoja alipiga simu, mgongo umemkamata, haji. Mama mwenye farasi, ambaye ndiye mwajiri wetu sote, alisema nafasi hiyo ni ya dada na asisikie neno. Shemeji akafunga mdomo, jambo ambalo lingestahili kupigwa picha.

Asubuhi ya safari dada alifika uani amevaa suruali ya kaka yetu, ameipunguza mwenyewe kwa kupapasa, mishono imenyooka vilevile. Wageni walikuwa daktari wa meno, mwanamama mwenye kicheko kikubwa, na mwalimu wa hesabu na mkewe. Nikawamiminia chai. Shemeji aliitazama mikono ya wale wanne kama kawaida yake. Ya dada hakuitazama. Alimletea farasi jike mzee wa kijivu, mpole kupita wote, akampandisha, akamwekea miguu kwenye vikuku vya tandiko, akakaza mkanda, akaukaza tena. Halafu akaenda ukutani, akaangua kamba, akamfunga yule wa kijivu nyuma ya tandiko lake mwenyewe.

Tuna mwenzetu mmoja, mwanamke wa makamo, ambaye hupanda mwisho wa msafara kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Tunamwita Mkia, na jina halimuudhi. Mkia aliitazama ile kamba, kisha akanitazama mimi. Mimi nikaitazama birika.

Ya njiani nilisimuliwa na Mkia. Anasema shemeji alipanda siku mbili zile akiwa amegeuka nusu kwenye tandiko, shingo imepinda, anaongea tu. "Kushoto, mama, swala!" Dada anageuza kichwa kizima, anatafuta kwa kile kitundu chake, na kabla hajapata swala wamekwenda zao. Basi shemeji anamweleza: walikuwa wangapi, mdogo alikuwa na alama gani, aliruka vipi. "Kulia, mama, juu ya mti!" Dada anatafuta, mti umeshapita. Anaelezwa ndege. Na alieleza vizuri, Mkia hadanganyi. Wale wageni waliacha mazungumzo yao ili wasikilize, daktari wa meno akapangusa macho mara mbili. Mtu alikuwa anatoa kila alichonacho.

Siku ya pili tulipiga kambi chini ya ule mpando wa mawe, jua bado lipo. Dada alikaa juu ya sanduku langu la vyombo, ananisaidia kuchambua maharage, vidole vinajua jiwe ni lipi. Shemeji alikuja na beseni la maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akaanza kumkanda miguu. Na mdomo haukupumzika. "Kesho ndiyo bonde. Usiwe na wasiwasi, nitakueleza kila kitu, hutakosa hata jani."

"Baba watoto," dada alimkatiza, "unajua nimeona nini tangu jana?"

"Umeona mengi. Kile kijito, wale swala, wale korongo—"

"Nimeona makalio ya farasi wako."

Nilicheka, mbavu zangu sina, mpaka nikamwaga maharage. Dada hakucheka.

"Macho yangu yamebaki na kitundu kimoja," alisema, taratibu, "na kinatazama mbele. Na mbele umejiweka wewe."

"Nimekuweka karibu ili usiumie."

"Najua."

"Na nakueleza ili usikose kitu."

"Najua, mume wangu. Maneno yako nayapenda, niliolewa nayo. Lakini yenyewe yatakuwepo. Macho yakishafunga utanisimulia mpaka tuchoke wote wawili, mimi nitakuwa nimekaa tu, sina pa kwenda. Sasa hivi ninyamazie kidogo, nione."

Shemeji alilisogeza beseni kando. Akamfuta miguu kwa kitambaa, mguu mmoja, halafu mwingine, kidole kwa kidole, akamvisha viatu. Kisha akainuka akaenda walikofungwa farasi. Nilidhani amekasirika, na nilikuwa na la kumwambia, maana hasira zangu ziko karibu. Nikamkuta ameegemeza paji la uso kwenye shingo ya yule farasi wa kijivu, mabega yanamtikisika. Nilimpenda mtu yule jioni hiyo kuliko siku yoyote, na sijawahi kumwambia.

"Shemeji," nilisema, "chai iko tayari."

"Nakuja," alijibu, bila kugeuka.

Kesho yake niliwatangulia. Gari hupanda kwa nyuma ya mlima, na chakula cha mchana huwa nakitandika pale juu kabisa, penye upepo, vitambaa vyangu navikandamiza kwa mawe. Nikaanza kukata mkate huku nikiisubiri ile sauti. Nikasikia kwato kwenye mawe, zinakaribia, lakini sauti hamna. Tangu nianze kazi ile, shemeji hajapanda mlima ule kimya, hivyo nilijua kuna mtu ameanguka, na nilijua ni nani. Nikatupa kisu, nikakimbilia ukingoni.

Wa kwanza kutokeza kwenye mawe alikuwa yule farasi wa kijivu. Dada alikuwa juu yake, hatamu ameishika kwa mikono miwili, mgongo umenyooka. Mbele yake hapakuwa na mtu. Kamba haikuwepo. Shemeji alikuwa nyuma yake, karibu sana, mkono ameunyoosha kama wa mzazi nyuma ya mtoto anayejifunza kutembea, ila hakumgusa. Midomo ameibana mpaka imepauka.

Farasi alifika juu akasimama mwenyewe. Dada akainua uso.

Alianzia mwisho wa kushoto kabisa, akawa anageuza kichwa kidogo kidogo kuelekea kulia, vile anavyopitisha pindo la gauni kwenye cherehani, haruki mahali. Akifika mwisho anashuka chini kidogo, anaanza kurudi. Wageni wakapanda mmoja mmoja, wakasimama nyuma. Daktari wa meno alitaka kuuliza jina la mto, Mkia akamwekea kidole mdomoni, mdomo wa daktari, si wake. Chai yangu ilipoa, na mimi si mtu wa kuvumilia chai kupoa, lakini siku ile ningeiacha igande. Shemeji alikuwa akimtazama dada tu. Bonde hakuliangalia hata mara moja.

Baadaye sana dada alisema, "Hukuniambia kwamba ni jekundu."

"Nini?"

"Bonde. Udongo wake, kule chini. Miaka yote unaniambia la kijani."

Shemeji alipandisha kofia, akatazama. "Ni kweli," alisema. "Ni jekundu."

"Na mto unapinda tena kule mwisho, baada ya ile miti. Hilo nalo hukulitaja."

"Sikuwahi kuliona, mama."

Akashuka kwenye farasi wake, akaja kumshika mguu amtoe kwenye kikuku. Dada alimwekea mkono begani akamzuia.

"Bado," alisema. "Bado kidogo."

Shemeji akabaki amesimama pale pale, ameushika ule mguu, mpaka alipoambiwa.

Macho ya dada yalifunga kabla ya mwaka kwisha, la kulia likatangulia. Siku hizi anashona foronya na vitambaa vya meza, mambo ya mshono ulionyooka, na hataki kusaidiwa kutunga uzi. Shemeji bado anaongoza wageni, na porini mdomo wake uko vilevile, tena nadhani umezidi. Mimi nilikuwa na hakika kwamba nyumbani nako sasa ataongea mpaka dada aombe talaka.

Juzi nilipita kwao, tumerudi safarini jana yake, nikamkuta amekaa sakafuni karibu na miguu ya dada, mgongo ameuegemeza ukutani, vumbi la bondeni bado liko kwenye ukosi wa shati. Alikuwa anamsubiri dada amalize mshono. Cherehani iliponyamaza, akasema, "Haya, mke wangu. Nisimulie."

"Tuanzie wapi leo?"

"Pale tunapotokeza kwenye mawe."

Dada akaanza, kutoka mwisho wa kushoto, taratibu, haruki mahali. Shemeji alikuwa ametoka kuliona bonde hilo hilo kwa macho yake. Akafumba macho, akakaa kimya, akamsikiliza mpaka mwisho.