Kikombe Kwenye Lebo

Maneno yalianzia getini shuleni, na hayakunitoka kichwani: Hilda Ackroyd wa pale kwenye kitalu cha miche amemuuzia Brenda Sugden sumu, mtoto wake kalazwa hospitali. Na mimi nina watoto wanne, na mche wa Hilda uko mlangoni pangu. Nikaenda.

Ni saa mbili asubuhi, baridi inauma bonde zima la Calder, huku kaskazini mwa Uingereza. Hilda, miaka hamsini na minane, anachomeka lebo kwenye vyungu. Vidole vimepasuka. Miaka thelathini na moja ya kazi hii, na bosi keshamwambia: Brenda akilalamika kwa maandishi, Ijumaa ndiyo mwisho wake.

"Umekuja kununua au kunichungulia, mpenzi?" ananiuliza.

Kabla sijajibu, Brenda anaingia na lebo mkononi.

"Mwanao Alfie anaendeleaje?" Hilda anauliza haraka.

"Alitapika mpaka basi. Sasa yuko nyumbani anadai chipsi." Brenda anainua lebo. "Hilda, hapa pana picha ya kikombe. Nikajua ni majani ya chai, nikamchemshia."

Stanley, anayemwagilia miche, anacheka. "Ungeona ndoo ungeogea?"

"Nyamaza, Stanley," anasema Hilda. "Kikombe ni cha ushindi, mama. Mmea umejaribiwa, unafaa bustanini. Hakisemi lolote kuhusu tumbo."

"Lakini niliomba lorel, kama ile bibi aliyotia mchuzini."

"Na huku kwetu anayeomba lorel anataka uzio. Ya jikoni ni Laurus. Niliyokupa ni Prunus, majani yake ni sumu. Imeandikwa, ila sikukusomea. Hilo ni kosa langu."

Brenda anaitia lebo mfukoni.

"Siandiki barua ya malalamiko," anasema. "Ila wengine uwasomee."

Hilda anakusudia hivyo: mche hautatoka getini kabla hajasoma majina yote mawili, la mtaani na la Kilatini, kwa sauti, hata foleni ikinung'unika.

Akina mama, epukeni haya:

Kununua kwa jina la mtaani peke yake.

Kuchemsha kitu kwa sababu kina kikombe.

Kudhani herufi H na namba yake kwenye lebo ni ukali wa sumu. Ni kipimo cha kuvumilia baridi tu: H1 hukaa ndani, H7 hustahimili barafu.

Kuona haya kumwambia muuzaji kwamba mmea mnataka kuula.

Kubeba maneno ya getini. Mimi niliyabeba.